Kusimama na Wafanyakazi wa Mashamba Makubwa: Mwongozo kwa Wanafunzi wa Vyuo Nchini Uganda

Mwanafunzi anayetaka kusimama na wakata miwa wa Busoga na Bunyoro, wachuma chai wa Kabarole na Bushenyi, au wafanyakazi wa mashamba ya maua ya Wakiso na Mukono, hana budi kuanza kwa kukubali tofauti moja iliyopo kati yake na wao. Mambo yakiharibika, yeye hurudi hosteli na kuendelea na masomo, ilhali mfanyakazi wa shamba kubwa mara nyingi hulala katika nyumba ya mwajiri, watoto wake husoma katika shule iliyo ndani ya shamba, na siku anayofukuzwa kazi ndiyo siku anayotakiwa kufungasha virago. Hatua zote zinazoelezwa hapa chini zimepimwa kwa tofauti hiyo. Kabla ya kuuliza kama jambo fulani litasikika Kampala, kikundi kiulize ni nani atakayeumia likienda mrama.

Kwa sababu hiyo ninashikilia msimamo ambao baadhi ya wanaharakati wenzangu huuona kuwa wa woga: nafasi ya mwanafunzi haimo ndani ya shamba. Huko tayari wamo wafanyakazi wenyewe, wawakilishi wao na chama chao, na mgeni anayeingia na kipaza sauti huwaachia matatizo anapoondoka jioni. Nafasi ya mwanafunzi iko mahali ambapo mfanyakazi hafiki kwa urahisi, yaani katika maktaba ya sheria, katika ofisi za wizara na wilaya, katika vyumba vya habari, na katika ofisi ya manunuzi ya chuo, ambako sukari na chai huagizwa kwa magunia.

Mjue mwajiri kabla ya kumlaumu

Si ajabu kikundi cha wanafunzi kuanza na bango lenye jina la kampuni, kisha kikagundua kwamba watu kinaowasemea hawajaajiriwa na kampuni hiyo. Katika miwa, kiwanda huwa na shamba lake chenyewe, lakini pia hununua miwa mingi kutoka kwa wakulima wa nje wanaolima katika ardhi zao. Mkata miwa katika shamba la mkulima wa nje anaweza kuwa amechukuliwa na mkulima huyo, au na mkandarasi wa kuvuna, au hata na mwenye lori, na kiwanda kikiulizwa kitajibu, kwa ukweli wa kisheria, kwamba hakimjui. Ajira ya watoto inayozungumzwa sana Busoga inapatikana zaidi katika mashamba hayo ya pembeni kuliko ndani ya mashamba ya viwanda, ambako kuna ukaguzi na chama cha wafanyakazi. Anayeupeleka mlalamiko huo kwenye lango la kiwanda bila kuijua tofauti hiyo atarudishwa mikono mitupu, na habari zake hazitaaminiwa mara ya pili.

Kwa hiyo, kabla ya jambo lolote, gawanyeni wafanyakazi mnaowafuatilia katika makundi manne: walioajiriwa moja kwa moja kwa mkataba, vibarua wa kampuni, watu wa mkandarasi, na watu wa mkulima wa nje. Kila kundi lina mlango wake wa kubisha. Vibarua wanastahili kutazamwa kwa makini zaidi, kwa sababu Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zinakataza mtu kuajiriwa kama kibarua kwa zaidi ya miezi 4. Baada ya hapo anastahili mkataba wa maandishi na haki zote zinazofuatana nao. Shamba ambalo lina kibarua wa miaka saba halihitaji kufanyiwa uchunguzi wa ajabu; tarehe alizofanya kazi, zikiweza kuthibitishwa, zinajieleza zenyewe.

Fuatilieni pia bidhaa inakokwenda, maana nguvu ya kushawishi inategemea mnunuzi. Sukari yetu huliwa kwa wingi hapa nyumbani na katika nchi jirani, hivyo mnunuzi anaweza kuwa duka lililo nje ya lango la chuo. Chai kwa sehemu kubwa huuzwa katika mnada wa Mombasa na kuchanganywa na chai za nchi nyingine, na mlaji wa mwisho haijui. Maua hupanda ndege Entebbe kuelekea Uholanzi, ambako wanunuzi wengi hudai vyeti vya mazingira na kazi. Mawese ya Kalangala huishia kuwa sabuni na mafuta ya kupikia katika maduka yetu. Mwanafunzi wa Gulu au Mbarara hawezi kususia waridi asilolinunua, lakini anaweza kumwandikia mtoa cheti, ambaye kwa kawaida analazimika kuwa na utaratibu wa kupokea malalamiko, na barua yenye tarehe na maelezo ya kitu mahususi haiwezi kupuuzwa kirahisi huko.

Namna ya kufika na kusikiliza

Pitieni kwanza chama cha wafanyakazi. Katika mashamba makubwa chama kikuu ni NUPAWU, chama cha kitaifa cha wafanyakazi wa mashamba makubwa na kilimo, na katika maua kipo pia chama cha UHISPAWU. Vyote vina matawi na wawakilishi waliochaguliwa shambani. Katibu wa tawi anaweza kuwapa picha ya jumla, nakala ya mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja ya mishahara na masharti ya kazi kati ya chama na mwajiri, na majina ya watu walio tayari kuzungumza. Mtakutana na wafanyakazi wasioridhika na chama hicho, wanaosema kwamba ada hukatwa kila mwezi na mwakilishi haonekani. Wasikilizeni nao pia, bila kuwa daraja la kukibomoa chama, kwa sababu mwajiri asiyependa kujadiliana hufurahia sana wanafunzi wanapomfanyia kazi hiyo bure.

Shamba ni mali ya mtu binafsi au kampuni, na kuingia bila ruhusa ni kosa ambalo polisi hawahitaji kulitafuta. Mkutaneni katika kituo cha biashara kilicho nje ya shamba, Jumapili mchana baada ya ibada, na kabla ya hapo mjitambulishe kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kwa vitambulisho vya chuo. Msifike kumi na watano. Watu watatu wanatosha, wakiwemo wanawake, kwa sababu sehemu kubwa ya wafanyakazi wa maua ni wanawake na mambo yanayowasumbua, hasa bughudha za kingono za wanyapara na kutopewa ruhusa wakati wa ujauzito, hayaelezwi mbele ya kijana wa kiume mwenye kalamu.

Lugha nayo inataka busara. Katika kambi za wafanyakazi wamo watu wa kutoka West Nile, Kigezi, Rwanda na kila pembe, na Kiswahili mara nyingi ndicho kinachowaunganisha kazini. Lakini katika sehemu nyingi za Buganda na hata Busoga, mzee akisikia Kiswahili kutoka kwa mgeni anakumbuka kizuizi cha barabarani na askari wa miaka ya 1970 na 1980. Salimieni kwanza kwa lugha ya mahali, iwe ni kwa “ssebo” na “nnyabo” tu, mseme ninyi ni akina nani na mmetumwa na nani, kisha muulize wenyeji wenu wanapenda mzungumze kwa lugha gani. “Mama, pole na kazi, tumekuja kujifunza, hatukuja kuahidi kitu,” ni sentensi inayofungua milango mingi kuliko hotuba ya haki za binadamu.

Mkishapata nafasi ya kusikiliza, ulizeni kuhusu mizani. Mchuma chai hulipwa kwa kilo ya majani aliyochuma, na malipo yake ya siku yanapita katika hatua tatu ambazo mtu wa mjini hazioni. Kwanza gunia au kikapu kinatundikwa, na karani anasoma mshale. Mara nyingi mchumaji anasimama upande ambao hauoni namba. Pili, karani anapunguza uzito wa gunia na, kama mvua imenyesha au umande ni mwingi, anapunguza pia uzito wa maji, na hapo ndipo penye ugomvi, kwa kuwa kiasi cha maji hukadiriwa kwa jicho. Tatu, kinachobaki huandikwa katika kadi au daftari, na gramu zinazozidi kilo kamili zinaweza kuachwa. Nusu kilo inayopotea katika kila mzigo ni kitu kidogo kwa karani, lakini mchumaji anayepima mara tatu kwa siku, siku sita kwa wiki, amepoteza kilo 9 kila wiki. Ulizeni kama kadi inakaa kwa mchumaji au kwa mnyapara, kama kiwango cha kupunguza maji kimeandikwa mahali popote, na kama mizani ina alama ya ukaguzi ya UNBS, taasisi inayothibitisha vipimo nchini. Maswali hayo matatu hayamtaji mtu yeyote kwa ubaya, na majibu yake yanaweza kuandikwa katika barua bila kumfukuzisha kazi aliyeyatoa.

Katika miwa swali linalolingana na hilo ni nani anayepima kipande cha kazi ya siku, kwa hatua za miguu au kwa kamba, na kama kipande hicho kimeongezwa urefu huku malipo yakibaki yaleyale. Katika maua, ulizeni muda unaopita kati ya kupiga dawa na wafanyakazi kurudishwa ndani ya vitalu nyumba. Hatari hiyo si ya kubuni: mwaka 2016 wafanyakazi wengi wa shamba moja la maua karibu na Ziwa Victoria walipata matibabu hospitalini baada ya kuvuta dawa ya kufukizia udongo. Ulizeni glavu, barakoa na gambuti hubadilishwa baada ya muda gani, na nani huzilipia.

Andikeni kwenye daftari, kwa namba za siri badala ya majina, na orodha inayounganisha namba na majina ikae kwa mtu mmoja, mahali pengine, wala isitumwe kwa WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka mtu akubali kabla taarifa zake hazijakusanywa, lakini hata kama isingekuwapo, heshima ingetosha. Picha ya uso isipigwe. Picha ya mikono iliyobabuka kwa dawa inaweza kumtambulisha mwenyewe kwa mnyapara wake kama ina pete au kovu, na simu nyingi huhifadhi ndani ya picha mahali ilipopigwa. Izimeni sehemu hiyo kabla ya safari. Hati ya mshahara isipigwe picha nzima. Nakilini tarakimu tu. Katika tarakimu hizo tazameni mstari wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambapo mfanyakazi hukatwa asilimia 5 na mwajiri anapaswa kuongeza asilimia 10, na tangu marekebisho ya 2022 wajibu huo unamhusu kila mwajiri bila kujali idadi ya watu alionao. Mfanyakazi mwenyewe anaweza kuuliza salio lake kwa simu. Ikiwa anakatwa kila mwezi na salio halipandi, hapo pana jambo zito, na NSSF wenyewe wana sababu ya kulifuatilia.

Sheria za kuwa nazo kichwani

Katiba ya 1995 inatosha kuanzia. Ibara ya 40 inatoa haki ya kufanya kazi katika mazingira salama, kujiunga na chama, kujadiliana kwa pamoja na kusitisha kazi kwa kufuata sheria. Ibara ya 29 inalinda uhuru wa kusema na kukusanyika. Ibara ya 41 inatoa haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali. Chini yake zipo sheria nne za mwaka 2006 zinazohusu ajira, vyama vya wafanyakazi, migogoro ya kazi, na usalama na afya kazini. Katika Sheria ya Ajira wanafunzi wanapaswa kujua kwamba wiki ya kawaida ya kazi haizidi saa 48, kwamba kuna siku moja ya mapumziko baada ya siku sita, kwamba likizo ya uzazi ni siku 60 za kazi na ya baba ni siku 4, na kwamba aliyefukuzwa isivyo halali anapaswa kupeleka malalamiko kwa afisa kazi ndani ya miezi 3. Muda huo hupita bila mtu kujua, na kumkumbusha mfanyakazi tarehe ya mwisho ni msaada mkubwa kuliko maandamano.

Kuhusu kima cha chini cha mshahara, msiahidi kitu. Kilichopo kisheria ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kilichowekwa mwaka 1984, ambacho leo hakinunui hata kilo mbili za sukari. Bunge lilipitisha muswada wa kukibadilisha mwaka 2019, lakini Rais hakuusaini. Kwa hiyo mshahara wa shambani unaamuliwa na mkataba wa hali bora, na huko ndiko chama chenye wanachama wengi kinakotofautiana na chama cha jina tu.

Malalamiko huanzia kwa afisa kazi wa wilaya, na yasipotatuliwa huenda Mahakama ya Viwanda. Katika wilaya kadhaa nafasi ya afisa kazi imekaimiwa na afisa wa maendeleo ya jamii ambaye ana kazi nyingine kumi, asiyekuwa na usafiri wa kwenda kukagua. Mwanafunzi wa sheria anayemsaidia mfanyakazi kuandika malalamiko kwa ukamilifu, yenye tarehe, kiasi kinachodaiwa na vielelezo, humpunguzia afisa huyo kazi, naye faili hilo hulishughulikia mapema. Kliniki za sheria za vyuo, kama PILAC ya Makerere, na mashirika kama Platform for Labour Action na FIDA, chama cha wanasheria wanawake, yapo kwa ajili ya hatua inayofuata. Mwanafunzi asijifanye wakili.

Chagueni dai moja

Baada ya mikutano michache mtakuwa na malalamiko arobaini, na vijana wenye ari watataka yote yaandikwe katika waraka mmoja wa kurasa kumi na mbili. Waraka wa namna hiyo hupokelewa, hugongwa muhuri na husahauliwa. Waulizeni wafanyakazi ni lipi moja ambalo wangependa libadilike kabla ya mwaka kwisha, na jibu lao linaweza kuwaudhi. Ninyi mlitaka mishahara inayotosha kuishi. Wao wanataka lori linalowapeleka shambani liwekewe viti na kizuizi cha nyuma, au choo kiwe karibu na mahali wanapochuma, au mizani igeuzwe ili waione. Chukueni hilo. Dai linalogharimu kidogo na linaloweza kukaguliwa kwa macho humnyima mwajiri kisingizio, na wafanyakazi wakishaona kwamba limewezekana, la pili watalileta wenyewe.

Barua ya kwanza iandikwe na chama au na wafanyakazi, si na wanafunzi. Yenu ni ya pili, ya kuunga mkono, na iende kwa mwajiri na nakala kwa afisa kazi, kwa Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, na kwa mmoja wa wabunge watano wanaowakilisha wafanyakazi. Mpeni mwajiri siku za kujibu na mzihesabu kwa uaminifu; kumtangaza mtu kwenye redio kabla muda mliompa haujaisha ni kuvunja neno lenu wenyewe. Sambamba na hayo, ombeni ripoti za ukaguzi wa shamba hilo kwa kutumia Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2005, ambayo inaipa ofisi ya serikali siku 21 za kujibu. Sheria hiyo haiibani kampuni binafsi, lakini ripoti ya mkaguzi wa serikali iko serikalini.

Nguvu iliyo chuoni

Mfano ulioandikwa sana kuhusu mwanafunzi na mfanyakazi wa shamba unatoka Marekani, na unafaa kuangaliwa kwa sababu ya mahali wanafunzi waliposimama. Wachuma nyanya wa Immokalee, Florida, walitangaza mwaka 2001 kuisusia Taco Bell, kampuni ya migahawa iliyonunua nyanya, wakidai senti moja zaidi kwa kila ratili. Wanafunzi hawakwenda Florida kuchuma nyanya. Walitazama mikataba ya vyuo vyao wenyewe, ambamo kampuni hiyo ilikuwa na migahawa, na katika vyuo kadhaa migahawa hiyo ikaondolewa au ikazuiwa kufunguliwa. Mwaka 2005 kampuni ilikubali kulipa. Kabla ya hapo, katika mgomo wa zabibu wa Delano, California, ulioanza mwaka 1965 na kumalizika 1970, wanafunzi walikuwa miongoni mwa waliosimama nje ya maduka ya miji ya mbali wakiwaomba wanunuzi waache zabibu. Katika visa vyote viwili wito wa kususia ulitoka kwa wafanyakazi.

Hapa kwetu, njia inayolingana na hiyo ni kuomba gildi, yaani serikali ya wanafunzi, ipitishe azimio kwamba kantini na wauzaji waliopangishwa vyumba chuoni wanunue sukari na chai kutoka kwa wazalishaji wenye mkataba wa hali bora ulio hai, kisha azimio hilo lipelekwe kwenye ofisi ya manunuzi ya chuo. Kwa vyuo vya umma, manunuzi yanafungwa na sheria ya zabuni, hivyo ombi liwe kwamba uzingatiaji wa sheria za kazi uwe miongoni mwa masharti ya zabuni, badala ya kutaja kampuni moja ifukuzwe. Ombi la kwanza afisa wa manunuzi anaweza kulitekeleza, la pili litampeleka mahakamani.

Msitangaze mgomo wa kununua bila kuombwa. Mkata miwa hulipwa kwa kipande, na kiwanda kikipunguza kununua miwa kwa sababu ya ghala kujaa, wa kwanza kukosa kazi ni kibarua. Mwaka 2007, serikali ilipokusudia kuipa kampuni ya sukari sehemu ya msitu wa Mabira, wito wa kuisusia sukari ya kampuni hiyo ulienea kwa ujumbe wa simu na uligusa watu wengi sana. Lakini maandamano yaliyofuata Kampala mwezi wa Aprili yaligeuka kuwa ya ubaguzi, Waasia wakashambuliwa mitaani na watu wakafa, akiwemo mtu mwenye asili ya India aliyepigwa mawe. Kwa kuwa mashamba kadhaa makubwa yanamilikiwa na familia za asili hiyo, kila bango, wimbo na ujumbe wenu usomwe mara mbili na mtu asiyekuwa na hasira. Jambo linalodaiwa ni mshahara na usalama, na mnyapara Mganda anayeiba kilo hana tofauti na mwenye shamba asiyelipa NSSF.

Mkienda barabarani

Maandamano huwa ya mwisho katika mpangilio, na huenda msiyahitaji. Mkiyahitaji, kumbukeni kwamba Machi 2020 Mahakama ya Katiba iliibatilisha Sheria ya Usimamizi wa Utulivu wa Umma ya 2013, lakini polisi bado hutarajia kujulishwa na bado huzuia. Andikeni taarifa, si ombi la kibali, mkitaja tarehe, njia, saa ya kuanza na kumaliza na majina ya wasimamizi, mpate nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Jihadharini pia na eneo: maandamano ndani ya chuo hayana kinga, kama walivyoona wanafunzi wa Makerere Oktoba 2019, walipopinga ongezeko la ada la asilimia 15 na askari wakaingia hadi kwenye mabweni.

Kosa ambalo mwandamanaji wa amani hushtakiwa nalo mara nyingi ni kero kwa umma. Wanafunzi 9 waliokamatwa Kampala Oktoba 2022 wakipeleka waraka katika ofisi za Umoja wa Ulaya kuhusu bomba la mafuta ghafi walishtakiwa kwa kosa hilo na kukaa rumande katika gereza la Luzira kabla ya kupata dhamana. Kwa hiyo wakili ajulikane kabla ya siku yenyewe, namba yake iandikwe kwa kalamu mkononi, maana simu huchukuliwa. Aliyekamatwa ana haki ya ndugu yake kujulishwa, ya kuwa na wakili, na ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 48. Dhamana ya polisi hailipiwi, na anayeomba fedha aombwe risiti kwa upole. Mwenye dawa za kila siku, mwenye mtihani kesho yake na mwanafunzi wa kutoka nchi jirani wapewe kazi za ofisini. Wafanyakazi wasiombwe kuandamana pamoja nanyi isipokuwa chama chao kimeamua.

Mtandaoni nako mna la kuangalia. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, iliyorekebishwa 2022, imetumiwa dhidi ya watu kwa sababu ya maneno waliyoandika. Andikeni kile mnachoweza kukithibitisha kwa karatasi, kuhusu kitendo, bila kumtukana mtu.

Fedha

Michango ya wagonjwa au waliofukuzwa ipitie kwenye akaunti ya chama au ya shirika lililosajiliwa, wala si kwenye simu ya mwanafunzi, hata kama ni mwaminifu kama mchungaji. Nauli na chakula cha safari za wanafunzi ziandikwe kando, na hesabu zisomwe mbele ya wote kila mwisho wa mwezi. Mfanyakazi asilipwe ili azungumze. Soda na chapati mezani zinatosha.

Muhula ukiisha

Udhaifu mkubwa wa harakati za wanafunzi ni kalenda. Mitihani inakuja, likizo inafuata, viongozi wanahitimu, na mchuma chai aliyewapa siri zake mwezi wa Machi hasikii neno hadi Septemba, wakati ambapo kikundi kipya kinafika na kumuuliza maswali yaleyale. Wekeni watu wawili wanaoishi karibu na shamba wakati wa likizo, wapewe jukumu la kumpigia katibu wa tawi mara moja kila baada ya wiki mbili, hata kama hakuna jipya. Kila anayeondoka amkabidhi anayeingia daftari, barua zilizojibiwa na zisizojibiwa, na tarehe za mwisho za mashauri yaliyo kwa afisa kazi, na wakaenda pamoja shambani angalau safari moja ili sura mpya itambulishwe na sura iliyozoeleka.

Ripoti yoyote mtakayoandika, ya darasani au ya magazeti, isomwe kwanza kwa waliowapa habari, kwa lugha wanayoielewa, kabla haijafika kwa mhadhiri au mhariri. Watawasahihisha bei, vipimo na majina ya vifaa, na pengine wataomba aya fulani iondolewe. Aya hiyo iondolewe hata kama ndiyo nzuri kuliko zote, na nakala iliyokamilika iachwe katika ofisi ya tawi, ambako mwakilishi atakayekaa mezani na mwajiri katika mazungumzo yajayo ya mkataba ataikuta.